Mashine ya Kisanduku cha Mama

Ukimuuliza Fundi ana visanduku vingapi, atakujibu "vichache tu," na hapo ujue vimepita arobaini. Alitengeneza saa za watu kwa miaka thelathini na minane, akastaafu macho yakiwa bado mazima na vidole havijaanza kutetemeka. Mikono iliyozoea kazi haikukubali kulala mapajani, ikamtafutia kazi nyingine: kukusanya visanduku vya kale vya kuwekea vito. Vya mpingo, vya shaba, vya mbao nyembamba zilizopakwa vanishi mpaka unajiona uso. Vilijaa sebuleni, vikapanda juu ya kabati, vikaingia chumba cha kulala na kuanza kugombea nafasi na viatu vya mkewe.

"Mwanamume mzima," mkewe huwaambia wageni, "ana visanduku arobaini vya vito, na mimi mke wake wa ndoa nina hereni jozi moja. Tena moja haina ndoana."

Wageni hucheka, Fundi naye hucheka, na kesho yake analeta kingine amekificha ndani ya gazeti.

Si kwamba alipenda vito. Alichopenda ni kifuniko kinavyoshuka taratibu na kujifunga chenyewe bila kelele. Na zaidi ya vyote alipenda vile vya muziki. Unafungua kifuniko, na mashine ndogo iliyofichwa chini ya mahameli inaanza kupiga. Ukiitoa mashine hiyo utakuta silinda ya shaba yenye vijipini vidogo vingi kama vipele vya joto, na kando yake kitana cha chuma. Silinda inazunguka, vijipini vinayakwangua meno ya kitana, wimbo unatoka. Ni hayo tu, lakini mpe fundi saa kitu cha namna hiyo uone kama atasikia akiitwa kula.

Alikuwa katika chama cha wakusanyaji wenzake, watu kumi na saba, wengi wao wastaafu, wanaokutana kila mwezi kuoneshana bawaba na kuisengenya vanishi ya asiyekuwepo. Chama kina kanuni moja wanayoishika kama dini. Kisanduku kiwe na vitu vyake chenyewe. Ukichukua mashine ya kisanduku hiki ukaitia katika kile, hicho kinaitwa kiraka, na mwenye kiraka hapeleki kitu kwenye maonyesho ya mwaka. Isipokuwa mashine iwe ya kiwanda kilekile, ya namba ileile, na ikae kwenye matundu ya zamani ya skrubu bila kutoboa jipya. Hapo watasema kisanduku kimerudishiwa chake, na watakupigia makofi.

Sasa Fundi alikuwa na kisanduku kimoja cha mti wa jozi, mbao ghali ya ng'ambo, alichokipata mnadani, pembe za shaba, mahameli ya rangi ya zabibu, kizuri mpaka kinatia uchungu. Uchungu wenyewe ulikuwa chini ya mahameli, kwa kuwa palikuwa patupu. Mtu fulani zamani aliitoa mashine, akaacha matundu manne na muhuri wa kiwanda uliochapwa kwenye mbao. Fundi aliitafuta mashine ya namba ile kwa miaka miwili. Aliandika barua, akapiga simu, akafukua makopo ya vipuri ya mafundi wenzake waliofariki. Hakupata hata jino la kitana.

Ndipo dada yake akaja na kisanduku cha mama yao.

Dada alimpita Fundi miaka saba. Alimbeba mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu, na akampa jina la Kidole, kwa sababu mtoto yule hakukiona kitundu asikitie kidole. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, bado anaishi peke yake na bado anashona magauni ya maharusi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Bibi harusi akiingia mlangoni tu, Dada anamtazama mara moja na kumtajia kiuno chake, kisha anashika futi kamba kwa ajili ya kumridhisha mteja. Hakukosea hata nusu inchi, na alilijua hilo, na alijivuna kidogo.

"Kidole, nitengenezee bawaba," alisema. "Kila asubuhi nikifungua, kifuniko kinanidondokea vidoleni."

Kisanduku kilikuwa cha mbao za kawaida, rangi imebanduka, maua ya juu yamefutika yamebaki majani. Chama kisingekitazama mara mbili. Mama aliweka humo pete yake na vifungo vya akiba, na kila asubuhi alipokifungua kiliimba. Watoto wawili walikua wakiamshwa na wimbo ule. Mama alipofariki, Dada alichukua kisanduku na Fundi akachukua saa ya ukutani, na kila mmoja aliona amepata kilicho bora.

Ili kuifikia bawaba, Fundi alifungua sakafu ya kisanduku. Akaiona mashine. Akavaa lenzi jichoni, akasoma muhuri, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Kiwanda kilekile. Namba ileile. Ilifikaje ndani ya kisanduku cha mbao za kawaida? Pengine miaka mingi kabla ya mama kulikuwa na fundi mwingine mwenye tamaa.

Wetu huyu alikaa kitako mbele ya meza kwa muda mrefu. Alijiambia Dada sikio limeanza kuwa zito. Alijiambia ni kwa ajili ya maonyesho tu, wiki tatu, kisha atairudisha, na hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa wimbo wiki tatu. Alijiambia kisanduku ni cha mama yao wote wawili. Mtu akianza kujihesabia sababu, ujue mkono umekwishaamua. Akachukua bisibisi, akaitoa. Mahali pake akatia mashine mpya ya dukani, yenye skrubu tatu, inayopiga wimbo wa kurukaruka ambao hata yeye hakuupenda. Akatengeneza bawaba. Kwa kweli bawaba aliitengeneza vizuri sana.

Dada alipokuja kukichukua, alifungua na kufunga mara mbili, akafurahi kifuniko kinavyoshuka. Mara ya tatu akakiacha wazi, akasikiliza.

"Huu sio," akasema.

"Sio nini?"

"Wimbo. Huu sio wa mama."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Angesema, "Dada, nimeazima ile mashine," na Dada angemfokea, angemwita mwizi wa mchana, kisha angecheka na kumpa hizo wiki tatu. Fundi alilijua hilo wakati ule ule, na ndiyo maana baadaye hakuweza kujisamehe.

"Ni uleule," alisema kwa macho makavu. "Mashine ikisafishwa hubadilika sauti. Ilikuwa na vumbi la miaka sitini, ndio maana ilikuwa inavuta."

"Sauti sawa. Lakini wimbo, Kidole? Wimbo nao una vumbi?"

"Ni masikio, Dada. Hata mimi siku hizi naisikia simu ya jirani nadhani ni yangu."

Dada alimtazama. Kisha akacheka kidogo, akajigusa sikio. "Basi uzee huo," alisema, na akaondoka na kisanduku kwapani.

Maonyesho yalikuja. Fundi hakumwambia Dada siku yake mpaka ilipopita. Kisanduku cha mti wa jozi kilipofunguliwa na wimbo wa mama ukatoka, mwenyekiti wa chama, mtu asiyemsifu hata mwanawe, alimshika Fundi bega. Alipewa utepe wa kwanza. Alipigwa picha. Fundi akatabasamu kwenye picha kama mtu aliyebanwa na kiatu.

Wiki tatu zikapita. Wanachama walikuwa wakija nyumbani kwake kusikiliza, akajiambia ataitoa mashine wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na wageni wengine. Mkewe alisimama mlangoni siku moja, kitambaa cha vyombo mkononi, akasikiliza.

"Huu wimbo naujua," alisema.

"Nyimbo za visanduku hufanana," Fundi akamjibu, na tangu siku hiyo akawa anakifungua kisanduku wakati mkewe yuko sokoni.

Kumbe huko kwa Dada mambo yalikuwa hayajatulia. Dada alirudi nyumbani akiwa amekubali uzee, lakini kila asubuhi alipofungua kisanduku kuchukua hereni, masikio yalikataa. Akamwambia jirani. Akawaambia wateja. Akamwambia bintiye, ambaye anauza dawa katika famasi na ni mtu wa kuchukua kila jambo kwa uzito wake. Binti akakumbuka kwamba mwezi uliopita mama yake alisahau ufunguo mlangoni, na kabla ya hapo alitia chumvi mara mbili. Nani hajawahi kutia chumvi mara mbili? Lakini ukishaanza kuhesabu, kila kitu kinahesabika. Akampeleka kwa daktari. Daktari akamwomba Dada ahesabu kurudi nyuma, achore saa, ataje majina ya wanyama. Dada alifanya vizuri, ila alipoulizwa kama kuna kitu kinachomsumbua, akasema kwamba kisanduku cha marehemu mama yake kinaimba wimbo usio wake. Daktari akaandika.

Binti akaita kikao cha familia, wakakaa katika kile chumba cha mbele, kati ya magauni meupe yaliyoning'inia. Dada alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, kisanduku mapajani.

"Mjomba," binti alisema, "sisi wengine hatuvijui hivi vitu. Wewe ndiye mtaalamu, tena ulikifungua kwa mkono wako. Daktari amesema tusimbishie mama kwa ukali, lakini pia tusimdanganye ili kumfurahisha. Tumrudishe kwenye ukweli taratibu. Sasa tuambie. Kisanduku hiki ndicho cha Bibi, au sicho?"

Wote wakamgeukia. Dada naye akamtazama, na machoni mwake Fundi aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa dada yake tangu azaliwe. Aliona hofu. Dada alikuwa anasubiri kuambiwa kama akili yake ingali yake.

"Ndicho," Fundi alisema.

Na kweli, mbao ndizo, bawaba ndizo, hata rangi iliyobanduka ndiyo. Alijishikilia kwenye ukweli huo mdogo.

"Na wimbo?" Dada akauliza kwa sauti ya chini.

"Na wimbo ndio."

Dada aliinamisha kichwa. "Basi," alisema. "Kama Kidole amesema, basi." Kisha akawaambia wote wasiwe na wasiwasi, yeye atajifunza. Na akajifunza. Kila asubuhi alikifungua kisanduku, akakaa mbele yake kama mwanafunzi, akajiambia kwa sauti, "Huu ndio wimbo wa mama." Binti alimpigia Fundi simu kumweleza hayo, akamshukuru kwa msaada wake. Fundi alishindwa kula siku hiyo. Mkewe alidhani ni tumbo, akamchemshia maji ya tangawizi.

Ungedhani angekimbia kukiri. Lakini kukiri nako kuna siku zake. Ukizipitisha kunazidi kuwa kugumu. Mwezi wa kwanza angekiri kwamba aliazima mashine. Sasa ingebidi akiri kwamba alimtazama dada yake usoni, mbele ya watoto, akamwondolea akili kwa maneno mawili. Akawa anamkwepa. Anapita barabara ya nyuma asione dirisha lenye magauni.

Mkewe ndiye aliyempeleka, bila kujua, alipomtuma achukue sketi aliyokuwa ameipeleka kupunguzwa. Fundi alimkuta Dada na mteja, msichana amesimama juu ya kigoda, mikono imeinuliwa. Dada alikuwa amezungusha futi kamba kiunoni mwa msichana, na alikuwa haondoi macho kwenye namba.

"Kidole, umekuja wakati mzuri. Hebu nisomee hapa. Ni ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Ishirini na saba." Akaandika. Akapima tena. "Na hapa?"

"Ishirini na saba, Dada. Ni palepale."

"Najua ni palepale. Wewe nisomee tu."

Alipima kiuno kile mara nne. Kwenye daftari lake Fundi aliona namba ileile imeandikwa, ikakatwa, ikaandikwa tena, ukurasa mzima. Msichana juu ya kigoda alikuwa anauma mdomo, ama kwa kuchoka ama kwa huruma. Alipoondoka, Dada alikunja futi kamba polepole.

"Huyu ndiye wa mwisho," alisema. "Nimempa mwenzangu wa mtaa wa pili wateja waliobaki. Cherehani nayo ataichukua. Jumamosi nahamia kwa mwanangu." Kisha akamtia moyo, maana uso wa Fundi ulikuwa umeshuka. "Si vibaya. Bora niache mwenyewe kabla sijamharibia mtu siku yake. Kama wimbo wa mama yangu mzazi umenipotea, kiuno cha mtoto wa watu nitakijuaje?"

Fundi alisahau sketi. Alifika nyumbani, akaketi kitandani na viatu vyake.

Jumamosi asubuhi alifungua kisanduku cha mti wa jozi, akaing'oa mahameli, akalegeza skrubu nne. Mkewe alimkuta ameifunga mashine katika leso. Safari hii Fundi alimweleza yote, na mkewe, mwenye mzaha kwa kila kitu, hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Nenda," alisema. "Usinitazame mimi. Nenda."

Chumba cha mbele kilikuwa kimebaki ukuta mtupu. Binti alikuwa anafunga maboksi, Dada anachagua nyuzi, zipi za kugawa na zipi za kubaki nazo. Fundi hakusalimu vizuri. Aliiweka mashine juu ya meza ya kushonea, akazungusha ufunguo mara sita, akaiachia. Mbao za meza ziliikuza sauti, wimbo wa mama ukajaa chumbani.

Mkono wa Dada ulisimama hewani na kidonge cha uzi. Macho yakamlengalenga. Mstari wa pili ulipoanza, akaufuata kwa mdomo, taratibu, bila kukosea hata mahali pamoja, na Fundi akadhani yamekwisha.

"Huu," Dada alisema. "Huu ndio uliokuwa unanisumbua kichwani."

"Haukuwa kichwani, Dada. Ulikuwa kisandukuni. Niliutoa mimi." Akamweleza kwa mpangilio, kama anavyomweleza mteja saa yake ilikuwa na nini: bawaba, muhuri, namba, mashine ya dukani, maonyesho, utepe. "Wewe ulikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyedanganya. Nisamehe."

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukajaa upendo, na Fundi alitamani heri Dada angemzaba kofi.

"Nilikuimbia," Dada alisema. "Siku moja nilikuimbia, ukaenda kunitafutia mashine inayoupiga. Umehangaika kiasi gani, mdogo wangu?"

"Hukuniimbia! Hata siku moja."

"Nitakuwa nilikuimbia. Siku hizi mengi nayasahau."

"Dada, nakwambia nilikudanganya."

"Wewe?" Akatikisa kichwa. "Wenzako waliponyamaza wakaogopa kuniumiza, wewe peke yako ulinitazama usoni ukaniambia ukweli. Nisingekuwa na wewe, mpaka leo ningekuwa nagombana na kisanduku. Usiuharibu ukweli wako kwa kunionea huruma."

Binti alikuwa ameacha maboksi. Alikichukua kisanduku cha bibi yake, akainua sakafu, akatazama. Skrubu tatu mpya zinazong'aa, na matundu manne ya zamani yaliyoachwa wazi. Alitazama mashine mezani, akahesabu nafasi zake nne za skrubu kwa kidole. Alipomgeukia Fundi, rangi ilikuwa imemtoka.

"Mjomba," alisema. "Mimi nimemfungia mama yangu mlango wa kazi yake. Nimempeleka kwa daktari. Na wewe ulikaa hapa, kwenye kiti kile, ukasema ndicho? Mbele yangu?" Sauti ikapanda. "Wewe ni mtu wa namna gani?"

Fundi alisimama akitetemeka, mikono yote miwili, ile mikono isiyowahi kutetemeka.

"Usimpigie kelele mjomba wako," Dada akasema. Alimvuta bintiye mkono mpaka dirishani na kumnong'oneza, ila sikio lake halikuwa jepesi kama zamani na mnong'ono wake ulifika chumba kizima. "Hebu muone anavyotetemeka. Kaingia bila hata salamu. Mimi nilianza hivyohivyo, nikang'ang'ania jambo moja, na ninyi mkanibishia. Hujui inavyouma kubishiwa kitu unachokikumbuka. Mkubalie tu."

"Mama, lakini anasema kweli. Njoo uone mwenyewe, haya matundu..."

"Mkubalie, mwanangu."

Akarudi, akavuta kiti, akamkalisha mdogo wake na kuishika mikono yake ikatulia kidogo.

"Sawa, Kidole," alisema, kwa ile sauti ya upole ambayo bintiye alikuwa akimsemeza yeye miezi yote hiyo. "Uliutoa wewe. Nimekuamini."

Kisha akamuuliza kama amekunywa chai, na kama mkewe anajua kwamba yuko hapa.